Kabla ya Kubadilishana Ngome ya Mwisho

Kando ya foleni ya matrela pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye kivuli cha gari lililozimwa injini, hutakosa ubao wa drafti. Ni kipande cha plaiwudi kilichopigwa mistari kwa kalamu, na kete zake ni vifuniko vya soda: mmoja anacheza na vilivyolala chali, mwenzake na vilivyofudikizwa. Wachezaji ni wawili, waamuzi ni wengi. Busia mjini hali ni hiyo hiyo, kwenye vijiwe vya bodaboda na kwenye vibaraza vya maduka. Mwongozo huu ni wa mtu aliyetoka kwenye ubao huo akaingia kwenye sataranji, mara nyingi kupitia simu. Sasa anajua kete zote zinavyotembea, anajua kufungua mchezo, pengine hata anampokonya mpinzani farasi wa bure katikati ya mchezo. Kisha mambo yanaisha sare, naye haelewi ushindi umepotelea wapi.

Kwa kawaida umepotelea pale kete zilipobadilishwa. Mchezo wa kati una kete nyingi na hofu nyingi, na mchezaji akiona nafasi ya kupunguza fujo anaikimbilia: malkia kwa malkia, ngome kwa ngome, apumue. Ila mwisho wa mchezo hauji wenyewe. Unauchagua wewe kwa hatua moja ya kubadilishana, na hatua hiyo inataka hesabu kuliko nyingine yoyote utakayocheza siku hiyo. Dereva wa trela haingizi gari kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kabla makaratasi ya mzigo hayajakamilika, kwa maana akishaingia kwenye ule mstari hana pa kugeuzia. Ngome ya mwisho ikitoka ubaoni, nawe huna pa kugeuzia.

José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishikilia kwamba mwanafunzi aanze na mwisho wa mchezo. Kitabu chake cha 1921 cha misingi ya sataranji kinafungua kwa chekimeti nyepesi, mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake. Sababu ni rahisi: ukiona ngome moja inavyofanya kazi kwenye ubao mtupu, utaielewa hata ikiwa imezungukwa na kete 20. Vijana wengi wanaojifunza kwa simu wanaenda kinyume. Wanakariri hatua 10 za mwanzo kutoka kwenye video, na hatua ya 11 inawakuta hawajui wanakoelekea.

Chukua ubao uweke karibu. Kila nafasi nitakayoitaja uipange kwa mkono. Wewe unacheza nyeupe kote, askari wako wanapanda kutoka safu ya 2 kwenda safu ya 8, na kila nyumba ina herufi na nambari yake, kutoka a1 chini kushoto hadi h8 juu kulia. Kete nitaziita mfalme, malkia, ngome, tembo, farasi na askari.

Mfalme atoke

Katika mchezo wa kati mfalme anafichwa nyuma ya askari wake, na ni haki, kwa sababu malkia na ngome mbili za adui zinaweza kumuua hatua yoyote. Malkia wakishatoka, na kila upande ukabaki na ngome moja au kete ndogo moja (tembo au farasi), hatari hiyo inapungua kwa ghafla. Mfalme anageuka kuwa mpiganaji. Walimu wengi humkadiria nguvu ya kama askari 4, yaani zaidi kidogo ya farasi au tembo. Anayemwacha wake kwenye g1 anacheza na kete moja pungufu.

Basi jiwekee desturi. Malkia wakibadilishwa, jiulize mara moja mfalme wako yuko hatua ngapi kutoka katikati, na wa mpinzani hatua ngapi. Kutoka g1 hadi d3, kupitia f1 na e2, ni hatua 3. Ikiwa wako amefika d3 na wa mwenzako bado yuko g8, mara nyingi faida hiyo ni nzito kuliko askari mmoja. Na hesabu hii ifanye kabla ya kubadilishana malkia. Ukiona wa kwake ndiye atakayefika kwanza, acha malkia wakae kidogo, sogeza mfalme wako au mlazimishe adui amrudishe wa kwake nyuma, ndipo ubadilishane.

Mfano mkubwa kuliko yote ninayoijua wa mfalme mpiganaji ni mchezo wa Capablanca dhidi ya Savielly Tartakower, New York, 1924. Ni mwisho wa ngome, ambako wengi wangeshika askari wao kwa kucha. Capablanca aliwaacha askari 2 waliwe, akampandisha mfalme hatua kwa hatua hadi f6, karibu na mfalme wa adui. Hapo ngome yake na askari wake mmoja wa g walipata msaidizi wa tatu, na Tartakower, mwenye askari wengi zaidi, hakuwa na la kufanya. Utafute mchezo huo uucheze polepole kwenye ubao.

Mraba wa kukimbiza

Askari huru ni yule ambaye hana askari wa adui mbele yake wala kwenye mistari miwili ya jirani. Akikimbia peke yake, je, mfalme wa adui atamkamata? Wengi huhesabu kwa kidole: mimi hapa, yeye pale, mimi hapa. Saa ikienda mbio, kidole hukosea. Tumia mraba.

Askari wako yuko a4. Kutoka hapo hadi a8 chora mstari, kisha upana sawa na huo kwenda kulia: pembe za mraba ni a4, e4, e8 na a8. Mfalme mweusi akiwa f4 na zamu ikiwa yake, anaingia e5, yumo ndani ya mraba, atamkamata. Zamu ikiwa yako, askari anasogea a5, mraba unapungua pembe zikawa a5, d5, d8 na a8, mfalme akija e5 bado yuko nje. Umepata malkia. Askari ambaye hajaondoka safu ya 2 umhesabu kana kwamba yuko safu ya 3, maana ana ruhusa ya kuruka nyumba mbili.

Baada ya hapo panga nafasi aliyoitunga Richard Réti mwaka 1921. Mfalme wako yuko h8, askari wako c6. Mfalme mweusi yuko a6, askari wake h5, na zamu ni yako. Kwa mraba, mfalme wako hamfikii askari yule kamwe, na askari wako mwenyewe yuko mdomoni mwa adui. Bado ni sare. Cheza mfalme g7, kisha f6, kisha ukiona adui ameenda b6 kumsogelea askari wako, wewe nenda e5. Mfalme anayetembea mshazari anakaribia vitu viwili kwa hatua moja: kumsaidia askari wa c na kumwinda askari wa h. Adui akikimbiza askari wake, wewe unakwenda d6 na wote wawili mnapata malkia. Akimla askari wako wa c6, wewe unakwenda f4, umeingia kwenye mraba. Nafasi hii ina kete 4 tu na inafundisha zaidi ya mchezo mzima wa dakika 3 kwenye simu.

Wafalme wakitazamana

Hapa mchezaji wa drafti ana urithi wake. Anajua tangu zamani kwamba kete zikibaki chache, jambo kuu ni zamu: nani atalazimika kusogea wakati hataki. Sataranji ni hivyo hivyo.

Panga mfalme wako e4, askari wako e3, mfalme mweusi e6. Wafalme wanatazamana na nyumba moja iko kati yao. Zamu ikiwa ya mweusi, lazima apishe. Akienda d6 wewe unaingia f5, akienda f6 wewe unaingia d5, na kutoka hapo mfalme wako anatangulia, askari anafuata, unashinda. Zamu ikiwa yako, ni wewe unayepisha. Ukienda d4 naye anakuja d6, ukienda f4 naye f6, kila mara anakuzuia, sare. Kete zile zile, nyumba zile zile, na tofauti ya ushindi ni zamu peke yake.

Sasa mrudishe askari e2, yale mengine yaache. Zamu ni yako. Cheza askari e3! Ile nafasi ya juu imerudi, na sasa anayesogea ni mweusi. Askari aliyebaki nyuma alikuwa na hatua ya akiba mfukoni. Ndiyo sababu nawasihi wanafunzi wasiwakimbize askari ovyo katika mchezo wa kati. Kila askari aliyepandishwa bila sababu ni hatua ya akiba iliyotupwa, na utaitafuta baada ya nusu saa usiipate.

Kanuni ya jumla ya mfalme na askari mmoja: mfalme atangulie mbele ya askari. Ukimfikisha safu ya 6 mbele ya askari wake, kwa mfano mfalme e6 na askari e5 dhidi ya mfalme e8, unashinda hata zamu iwe ya nani. Isipokuwa askari wa a na wa h. Hao wa pembeni, adui akifika kwenye kona yao ni sare, na hakuna ujanja wa kuliondoa hilo.

Na ukiwa wewe ndiye mwenye kujitetea? Rudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Askari wa adui akikuandama hadi mbele ya mfalme wako, ukilazimika kurudi safu ya mwisho, rudi moja kwa moja nyuma, kwenye mstari ule ule wa askari. Usiende kushoto wala kulia. Mfalme wake atakapochagua upande, wewe unasogea upande huo huo kumtazama. Mwishowe anasukuma askari, unakaa mbele yake, na ama anamwacha au anakufunga huna pa kwenda bila cheki: stelimeti, sare. Zoezi hili wawili mnaweza kulicheza mara nyingi sana katika muda ambao foleni inasogea mita 100.

Nani anakula wa mwisho

Hapa ndipo tunafika kwenye mpito wenyewe. Panga hivi: mfalme wako f3, ngome yako e4, askari wako e3. Mweusi ana mfalme e6 na ngome e5. Ngome mbili zinatazamana kifua kwa kifua.

Ikiwa zamu ni yako na ukaila ngome yake, mfalme wake anakula e5. Sasa zamu ni yako, mfalme wako yuko f3, wa kwake yuko mbele ya askari wako. Ni sare. Ikiwa zamu ni yake naye akaila ngome yako, mfalme wako anakula e4, na tazama kilichotokea: wafalme wanatazamana e4 na e6, askari yuko e3, na zamu ni ya mweusi. Umeshinda.

Anayekula wa mwisho humwachia mwenzake zamu. Kwenye mchezo wa kati hilo halina uzito. Kwenye mwisho wa askari ndilo jambo lenyewe. Kwa hiyo kabla hujabadilishana kete ya mwisho, usiishie kwenye "mimi nimekula, yeye amekula, tuko sawa". Ifikirie ile picha inayobaki, waweke wafalme mahali pao halisi, useme kwa sauti moyoni: zamu ya nani? Ukishindwa kuiona picha hiyo, usibadilishane. Acha ngome zitazamane, mpe mwenzako nafasi ya kufanya kosa la kula kwanza.

Mwisho wa askari watupu hausamehi. Katika mwisho wa ngome unaweza kukosea hatua moja na bado ukajitetea. Ndiyo maana mwenye kuelekea kushindwa azishike ngome zake, na mwenye ushindi uliohesabiwa hadi mwisho azibadilishe bila kusita.

Ngoja nikupe mfano mmoja ambamo ubadilishanaji ni sahihi. Mfalme wako d4, askari wako a4, g4 na h4. Mweusi: mfalme d6, askari g6 na h6. Kila mmoja ana ngome, na mweusi amekupa nafasi ya kuzibadilisha, zamu ibaki yako. Hesabu kabla ya kukubali. Askari anakwenda a5, mfalme wake lazima amfuate, c6. Mfalme wako anageuka upande wa pili, e5. Yeye b5, wewe f6. Yeye anamla askari wa a5, wewe unamla wa g6. Yeye anarudi mbio b6, wewe unamla wa h6, na askari wako wawili hawana wa kuwazuia. Askari wa a alikuwa chambo cha kumpeleka mfalme mweusi mbali. Unapotazama mchezo wa kati ukaona una askari huru wa pembeni mbali na wengine, jua una sababu nzuri ya kubadilishana kila kitu. Ngome zikibaki, mweusi anaiweka yake nyuma ya askari huyo wa a na kazi inakuwa ndefu.

Kete, askari, na rangi ya tembo

Ukiwa mbele kwa kete, badilisha kete na uwaache askari. Ukiwa nyuma, badilisha askari. Mantiki yake utaiona ukienda mwisho kabisa: tembo mmoja na mfalme hawawezi kumtia adui chekimeti, wala farasi mmoja na mfalme. Unaweza kuwa mbele kwa kete nzima, askari wa mwisho akaliwa, ukaambulia sare. Aliye nyuma analijua hilo, ndiyo maana anawatoa askari wake kwa furaha kila anapopata wa kwako.

Kuna mitego miwili ya tembo. Wa kwanza: kila mmoja akibaki na tembo mmoja, wako wa nyumba nyeusi na wa mwenzako wa nyumba nyeupe, hata ukiwa na askari mmoja au wawili zaidi, sare ni jambo la kawaida, kwa sababu hakuna anayeweza kugusa nyumba za mwingine. Ukiwa unashinda, epuka mpito huo. Ukiwa unazama, utafute kwa nguvu zako zote. Wa pili: askari wa h anataka tembo wa nyumba nyeusi, kwa kuwa h8 ni nyeusi, askari wa a anataka tembo wa nyumba nyeupe. Ukibaki na tembo wa rangi isiyo ya kona hiyo na mfalme adui akakaa konani, hutamtoa. Chungulia hili ukiwa na kete 10 bado ubaoni, maana zikibaki 4 umechelewa.

Farasi na tembo, nani bora? Askari wote wakiwa upande mmoja wa ubao, farasi huenda akafaa zaidi, anafika nyumba za rangi zote. Wakiwa pande zote mbili, tembo anapiga kutoka mbali. Uamuzi wa kumtoa farasi kwa tembo ufanye ukitazama askari.

Ngome, kwa kuwa ndizo utakazokutana nazo

Mwisho wa ngome ndio unaotokea zaidi, basi shika nafasi mbili kwa moyo. Ya kujitetea inaitwa kwa jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18. Mfalme wako d5, askari e5, ngome h7. Mweusi mfalme e8 na ngome a6. Safari hii jifunze upande wa mweusi. Ngome yake inakaa safu ya 6 na kutembea humo humo, a6, b6, a6, ikimzuia mfalme mweupe asipande. Siku askari anaposogea e6, ngome inashuka mara moja hadi a1 na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma. Mfalme mweupe hana tena pa kujificha, sare. Kosa la wengi ni kushuka mapema, askari akiwa bado e5.

Ya kushinda inaitwa Lucena. Mfalme wako g8, askari wako g7, ngome yako f1. Mweusi ana mfalme e7 na ngome h2, zamu ni yako. Mfalme wako amefungiwa mbele ya askari wake. Cheza ngome f4! Mweusi akingoja kwa ngome h1, toa cheki e4. Mfalme wake akienda d7, wako anatoka f7. Sasa ngome nyeusi inaanza cheki: f1, wewe g6, g1, wewe f6, f1, wewe g5, g1, na ngome yako inakuja g4 kuikinga. Cheki zimekwisha, askari anapanda. Ukimtoa mfalme bila kwanza kuiweka ngome safu ya 4, cheki hazina mwisho.

Zaidi ya hizo mbili, shika neno la Siegbert Tarrasch, daktari na mchezaji wa Ujerumani: ngome ikae nyuma ya askari huru, awe wako au wa adui. Na usiifunge ngome yako kulinda askari mmoja kama kuna njia ya kuipeleka ikafanye fujo nyuma ya adui.

Na ukishampata malkia, punguza mbio. Mfalme mweusi yuko h8 peke yake, ukaweka malkia g6 mfalme wako akiwa mbali: hana pa kwenda, hana cheki, sare. Kabla ya kila hatua ya malkia hakikisha adui ana nyumba moja ya kusogea, au umempa cheki.

Kujizoeza mpakani

Tovuti ya Lichess ni bure, haina matangazo, na ina sehemu ya mazoezi ya mwisho wa mchezo pamoja na nafasi ya kupanga kete utakavyo ukacheza na kompyuta. Panga kila nafasi ya mwongozo huu humo. Pia ina hazina ya nafasi zote zisizozidi kete 7, wafalme wakiwemo, iliyokamilika 2018. Ukiuliza nafasi ya kete chache itakuambia kwa uhakika ni ushindi au sare. Itumie kupima jibu lako baada ya kufikiri, maana ukiiuliza kwanza hutajifunza lolote.

Bando likiisha, ubao na daftari vinatosha, na mwenzako. Mnapanga nafasi moja, mnacheza, mnageuza pande, mnacheza tena. Anayeshika upande wa kujitetea ndiye anayejifunza zaidi, ingawa kila mtu anataka ule mwingine. Mkicheza kwa saa, chagueni dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Mchezo wa dakika 3 bila nyongeza unamalizwa na saa kabla kete hazijapungua, na mwisho wa mchezo hamtauona kamwe. Andikeni hatua. Mchezo mliopoteza, tafuteni ile hatua ambayo kete ya mwisho au malkia walibadilishwa, muweke alama, mwanzie hapo kuuchambua.

Mkazi wa Busia ana bahati ambayo wa Nairobi hana. Kampala iko takriban kilomita 200, chini ya nusu ya safari ya kwenda Nairobi, na tangu 2014 Mkenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Ng'ambo kuna mabingwa wa kimataifa wenye cheo cha shirikisho la dunia, kama Arthur Ssegwanyi na Elijah Emojong. Katwe, mtaa wa Kampala, ndiko alikoanzia Phiona Mutesi chini ya mwalimu Robert Katende, akapata cheo cha shirikisho hilo kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012. Nenda ukacheze mashindano ya wazi huko. Ukipigwa, mwombe aliyekushinda mpitie mchezo pamoja, na umuulize swali moja tu: ni hatua gani aliyoona kwamba kete zikibadilishwa atashinda? Jibu lake andika daftarini pamoja na nafasi yenyewe, kisha uipange tena ukirudi nyumbani, wewe ukiwa upande wake.